Usugu Uliozaliwa Shambani

Mgonjwa wa saratani ya damu nchini Uholanzi anaweza kuvuta hewani ukungu ambao tayari ni sugu kwa dawa atakayoandikiwa, ilhali yeye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo. Tumezoea kuambiwa kwamba usugu huletwa na mgonjwa anayekatiza dozi. Hapa hakuna aliyekatiza.

Ukungu wenyewe ni kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus, mkazi wa majani na miti inayooza. Vijimbegu vyake hutuingia puani kila siku bila madhara. Mwenye kinga dhaifu ndiye huumia, kwani humwotea ndani ya mapafu. Tangu mwaka 2002 madaktari wametegemea vorikonazoli, dawa ya kundi la azoli, inayoizuia kuvu kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli zake.

Wakulima nao wana azoli zao, zinazoua kuvu kwa njia ileile: tebukonazoli, difenokonazoli na nyinginezo. Hupulizwa kwenye ngano, na vitunguu vya maua ya tulipu hutumbukizwa humo kabla ya kupandwa. Mabaki ya maua hurundikwa, lundo likapata joto, na kuvu hii hustawi kwenye joto. Huko ndani masalia ya dawa huua vijimbegu dhaifu na kuviacha vile vinavyostahimili vizaane kwa raha.

Mwaka 2007 mtafiti Paul Verweij wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzake walieleza badiliko la jeni liitwalo TR34/L98H, lililojirudia kwa wagonjwa wasiohusiana. Usugu ungezaliwa ndani ya kila mgonjwa, ungekuwa na sura nyingi. Huu ulikuwa na sura moja, na baadaye ulipatikana hata kwenye udongo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2019 ulifuatilia wagonjwa 196: kufikia siku ya 42, asilimia 49 ya waliokuwa na kuvu sugu walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 28 ya wengine. Kwangu mimi tofauti hiyo inatosha kumaliza ubishi kuhusu uzito wa tatizo hili.

Wala si habari ya Wazungu peke yao. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kuvu sugu ya aina hiyo katika udongo na mabaki ya miti nchini Tanzania. Na kwetu wapo wengi waliopona kifua kikuu wakabaki na matundu mapafuni, ambamo Aspergillus hujenga makao. Mtu huanza tena kukohoa damu, akarudishiwa dawa za TB zisizomfaa, wakati anachohitaji ni itrakonazoli, nayo ni azoli.

Kinachonikera ni kwamba kosa linarudiwa. Olorofimu, dawa mpya ya kuvu inayoshambulia kimeng'enya kingine kabisa, si kile cha azoli, ilikuwa bado kwenye majaribio pale Marekani ilipoidhinisha kiuakuvu cha ipflufenokwini kwa mashamba mwaka 2022. Zote mbili hulenga kimeng'enya hichohicho, na maabara zimeonyesha kwamba kuvu inayoizoea ile ya shambani huweza kuishinda ya hospitalini. Nchini Tanzania, viuatilifu husajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, na dawa za binadamu husajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Kabla kiuakuvu kipya hakijaingia shambani, TMDA iulizwe kwanza: je, kuna dawa ya mgonjwa inayofanya kazi kwa njia hiyo? Ikiwepo, kisisajiliwe.