Askari wa Mjerumani walilipwa; wapagazi wetu je?

Mwaka 1964, mjini Mwanza, ng'ambo ya kusini ya ziwa hili ambalo wazee wetu huliita Nam Lolwe, wazee wapatao mia tatu na hamsini walikusanyika kudai mishahara yao. Walikuwa wameisubiri kwa miaka arobaini na sita. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa limeidhinisha kwamba waliokuwa askari wa Mjerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza walipwe malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba ni wachache tu waliokuwa bado na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na chochote. Basi afisa wa benki aliyekuja na fedha akabuni mtihani. Kila mzee alikabidhiwa ufagio badala ya bunduki, kisha akaamrishwa kwa Kijerumani autie begani, aushushe, apige saluti. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hukisimulia kila mwaka mbele ya wanafunzi wangu wa isimu, kwa kuwa kinaonyesha jinsi lugha inavyoweza kuhifadhiwa na misuli muda mrefu baada ya ulimi kuisahau. Askari hao hawakuwa wasemaji wa Kijerumani. Kambini walizungumza Kiswahili, na maafisa wao walilazimika kujifunza Kiswahili hicho hicho. Kijerumani kilikuwa cha gwaride tu. Wanafunzi hucheka wanaposikia habari za ufagio. Mimi mwenyewe nilikuwa nikicheka, hadi nilipoanza kujiuliza: je, afisa yule angevuka ziwa na kuja Kisumu, angetumia mtihani gani?

Kwanza tumtazame aliyesababisha malipo yale. Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa wanajeshi. Alipigana China mwaka 1900, kisha akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, akawa chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904. Jambo hili aghalabu hurukwa na wanaomsifu kama muungwana wa vita. Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914. Novemba mwaka huo aliwashinda Waingereza huko Tanga, na kwa miaka minne akawazungusha kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, akaishia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa bado na askari zaidi ya 1,100.

Kwao alipokewa kama shujaa. Mwaka 1920 alijitia katika jaribio la kuipindua serikali, akapoteza kazi ya jeshi. Aliingia bungeni mwaka 1928 kwa tiketi ya wahafidhina. Vita vya Pili vilipokaribia alipewa cheo cha heshima cha jenerali, naye akiwa na umri wa miaka 69, lakini hakuitwa vitani. Wanawe wawili waliitwa, na wote wawili wakauawa. Mwaka 1953 alirudi kuitembelea Afrika Mashariki na kuonana na askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg Machi 1964, mwaka ule ule wa ufagio.

Wasifu wake huandikwa kana kwamba alipigana katika nchi isiyo na watu. Majeshi ya pande zote mbili yalikula ghala za wanavijiji na kuchukua ng'ombe wao. Wagogo waliipa njaa iliyofuata jina la Mtunya. Hata huku kwetu vita vilifika mapema. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakautwaa mji wa Kisii. Askari wa Keya walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka Kendu, wakatembea hadi Kisii na kupigana huko tarehe 12. Wajerumani waliondoka. Wenyeji walioingia mjini kuchukua mali katika siku hizo waliadhibiwa na Waingereza kwa kunyang'anywa mifugo. Juni 1915 bandari ya Kisumu ilijaa tena wanajeshi, safari hii wakienda kuishambulia Bukoba.

Hata hivyo, kilichotoka Nyanza kwa wingi kuliko kitu kingine katika vita hivyo ni mabega. Lori na wanyama wa kubeba hawakustahimili njia za kusini wala mbung'o, kwa hiyo jeshi lilimfuata Lettow-Vorbeck kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1917 watu walikamatwa kwa lazima kotekote nchini, na mkoa huu, ulioitwa Kavirondo, ulitoa sehemu kubwa mno. Wengi waliuawa na malaria, kuhara damu na unga usioiva vizuri, si na risasi. Takwimu za Waingereza wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Wanahistoria waliochunguza zaidi wanaona idadi halisi ilikaribia laki moja. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Jina la kikosi chao limebaki sokoni: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Baba yake nyanya yangu alikuwa mmoja wao, naye alibahatika kurudi. Nyanya alinieleza kwamba mzee yule alisema Dholuo maisha yake yote, ila alikuwa na maneno machache ya Kiswahili aliyokuja nayo kutoka vitani. Nilimwomba anitajie. Akahesabu kwa vidole: mzigo, posho, inua, tua, upesi, simama. Maneno sita tu, na manne kati yake ni ya kuamrishwa. Sijapata kuona kamusi fupi kuliko hiyo iliyogharimu watu wengi hivyo.

Sasa msomaji ataona kwa nini sicheki tena. Askari alifundishwa ishara ambazo raia hazijui, ndipo akaweza kujithibitisha nusu karne baadaye. Mpagazi akiambiwa "inua" atainua, lakini hata mimi nitainua. Kazi yake haikumwachia ushahidi wowote ambao mtu mwingine hangeweza kuuigiza.

Nimeanza kuyakusanya maneno kama hayo sita. Aliye na babu au nyanya aliyesimuliwa na mzazi wake, awe Karungu, Seme, Nyakach, Kisii au Kakamega, na amwulize ni maneno gani ya Kiswahili mzee huyo alirudi nayo, na aliyatamka vipi. Ayaandike kama yalivyotamkwa, bila kuyasanifisha.