Kichwa Baada ya Kupandikizwa Nywele: Uangalizi Katika Joto la Ubungo

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji wa ngozi unaohamisha mizizi ya nywele kutoka kisogoni na pembeni mwa kichwa, ambako nywele hudumu, na kuipanda utosini au juu ya paji la uso palipobaki wazi. Daktari Norman Orentreich wa New York aliufanya mwaka 1952, na mwaka 1959 alichapisha kanuni inayoubeba hadi leo: mzizi uliotoka kisogoni hubaki na tabia ya kisogoni popote utakapopandwa. Mjapani Shoji Okuda alikuwa ameeleza mbinu inayokaribiana na hiyo tangu 1939, lakini Vita vya Pili vya Dunia vilifanya kazi yake isijulikane nje ya Japani.

Njia zinazotumika sasa ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo, hushona jeraha, kisha hugawa ukanda ule katika vipande vidogo vya kupandikiza. Katika ya pili, ambayo ndiyo imeenea zaidi, mizizi hutobolewa mmoja mmoja kwa kifaa chenye mdomo wa mviringo, upana wake ukikaribia milimita 1. Kila kipandikizi hubeba nywele 1 hadi 4, na kikao kimoja cha saa sita hadi nane kinaweza kuhamisha vipandikizi 2,000 au zaidi. Kwa hiyo mtu anayeshuka kitandani jioni ile ana maelfu ya majeraha madogo, nusu yakiwa mbele na nusu nyuma. Hapo kazi ya daktari huwa imekwisha kwa sehemu kubwa, na ya mgonjwa ndiyo inaanza.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotafuta huduma hii huitazama Istanbul. Mji huo umekuwa soko kubwa la dunia la upandikizaji wa nywele, na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar huchukua takriban saa saba. Kliniki za huko huuza kifurushi kizima: hoteli, gari la kupokea wageni, upasuaji na kuoshwa kichwa mara ya kwanza, kisha mteja hurudi nyumbani ndani ya siku chache. Maana yake ni kwamba upasuaji hufanyika Uturuki, lakini uponaji hufanyika katika mitaa ya Ubungo kama Kimara, Mabibo, Goba au Mbezi, kwenye joto, vumbi na msongamano ambao daktari aliyeandika maelekezo hakuufikiria. Ufuatiliaji hubaki kwenye picha za simu. Nafuu iliyopo ni kwamba saa za Istanbul na Dar es Salaam ni zile zile, hivyo anayepiga simu saa nne asubuhi hamwamshi mtu usingizini.

Siku kumi za mwanzo ndizo zenye uzito kuliko nyingine zote. Kipandikizi kilichotoka kuwekwa hakina mshipa wa damu. Huishi kwa kunyonya majimaji ya ngozi inayokizunguka mpaka mishipa mipya ianze kukifikia katika siku za mwanzo. Utafiti wa madaktari Robert Bernstein na William Rassman uliochapishwa mwaka 2006 ulipima jambo hili kwa kuvuta nywele na vigaga siku baada ya siku. Katika siku mbili za kwanza kuvuta nywele kuling'oa kipandikizi kila mara. Kufikia siku ya sita hakukuking'oa tena. Kigaga kilichoshikana na ngozi kiliendelea kuwa hatari mpaka siku ya nane. Siku ya tisa vipandikizi vilikuwa vimeshika. Hii ndiyo sababu ya masharti ambayo wengi huyaona kama usumbufu wa bure: kutojikuna, kutobandua vigaga, kutovaa fulana ya kupitishia kichwani bali shati la vifungo.

Kulala ni mtihani wa kwanza. Mgonjwa hulala chali, kichwa kikiinuliwa kwa mito miwili au mitatu, na mto wa shingoni wa wasafiri humzuia asigeuke usingizini. Maelekezo ya Istanbul hayataji chandarua, lakini Dar es Salaam hakuna wa kukiacha. Chandarua kilichofungwa chini husugua paji la uso kila mtu anapoingia na kutoka kitandani. Dawa yake ni kukifunga juu zaidi, au kutumia cha fremu ya pembe nne badala ya kile cha mviringo kinachobana kuelekea juu.

Maji ni mtihani wa pili. Kwa kawaida kichwa huoshwa mara ya kwanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha kila siku. Povu la shampuu laini huwekwa kwa viganja bila kusugua, huachwa dakika chache, halafu humiminiwa maji ya uvuguvugu taratibu. Bomba la mvua lenye nguvu halifai. Kopo na ndoo, vilivyomo katika kila nyumba ya Ubungo, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, ilimradi maji yawe safi. Mgao wa DAWASA unapokatika, mitaa mingi hutegemea visima, na baadhi yake vina chumvi inayokausha ngozi na kufanya vigaga viwe vigumu. Kwa wiki mbili za mwanzo ni busara kuweka akiba ya maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa. Kati ya kuosha na kuosha, kliniki nyingi humpa mgonjwa chupa ya kupulizia maji ya chumvi ya hospitali ili vipandikizi visikauke. Akiosha ipasavyo, vigaga hudondoka vyenyewe kati ya siku ya saba na ya kumi na nne.

Jasho nalo haliepukiki katika miezi ya Desemba hadi Machi, ambapo joto la mchana la Dar hupita nyuzi 30 na hewa hujaa unyevu. Jasho lenyewe haling'oi kipandikizi, ila huleta muwasho, na muwasho huleta kucha. Feni inayopuliza kwa mbali, kivuli na kupumzika ndani mchana husaidia. Mazoezi mazito, mbio za asubuhi za vikundi na kubeba mizigo husubiri wiki mbili au zaidi. Kuogelea baharini husubiri mwezi mzima. Sigara na pombe huwekwa kando pia, na sigara ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa hubana mishipa midogo ileile inayotafuta kukifikia kipandikizi.

Kuhusu usafiri, hatari ya Ubungo si ndogo. Mlango wa daladala ndogo humgonga utosini kila mtu mrefu, na asubuhi pale Kimara Mwisho kuingia kwenye basi la mwendokasi ni kusukumana mabega na vichwa. Bodaboda ni tatizo la aina yake. Kofia yake ngumu hubana na kusugua, tena huvaliwa na abiria wengi kwa siku bila kusafishwa, na kupanda bila kofia ni kosa kisheria na ni kuhatarisha maisha. Jibu ni moja tu: bodaboda iachwe kwa wiki mbili za kwanza, na bajaji au teksi ichukue nafasi yake. Anayefanya kazi ya kuajiriwa na aombe likizo ya siku kumi, kwani wale wanaorudi kazini siku ya nne ndio huonekana wakiwa na kofia ya kubana ili kuficha vigaga. Kofia pana isiyogusa vipandikizi inaweza kuvaliwa kadiri daktari atakavyoruhusu. Baraghashia, kilemba na mtandio wa kukaza husubiri.

Kuinama pia huhesabiwa. Sijida huteremsha damu kichwani na kugusisha paji la uso kwenye mkeka, karibu kabisa na mstari mpya wa nywele. Mgonjwa Mwislamu ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi, na suala la kupaka maji kichwani wakati wa kutawadha ni vyema alimalize na sheikh wake kabla ya kusafiri, asije akalitafakari akiwa na kichwa kibichi.

Yapo pia mambo mawili yanayowatisha wengi bila sababu. La kwanza ni uvimbe. Majimaji yaliyodungwa kichwani pamoja na ganzi huteremka, na kati ya siku ya pili na ya nne paji la uso huvimba, wakati mwingine mpaka kope zinafumba. Uvimbe huu hupungua wenyewe ndani ya siku chache. La pili ni kudondoka kwa nywele zilizopandwa. Kati ya wiki ya pili na ya nane nyingi hukatika na kuanguka, na mtu aliyelipa mamilioni huona kichwa kikirudi kilipotoka. Kilichoanguka ni unywele tu. Mzizi umebaki ndani ya ngozi ukipumzika. Nywele za zamani zilizo jirani, na hata za kisogoni, zinaweza kudondoka kwa muda kutokana na mshtuko wa upasuaji. Machipukizi huanza mwezi wa tatu au wa nne, yakiwa membamba na ya kujikunja ovyo. Mwezi wa sita sura huanza kuonekana, na mwezi wa kumi na mbili ndio wa kutoa hukumu. Utosini huweza kuchelewa mpaka mwezi wa kumi na nane. Ganzi kisogoni kwa wiki au miezi kadhaa ni ya kawaida, na vipele vichache vya nywele zinazotafuta njia ya kutoka ni vya kawaida vilevile.

Kwa Mwafrika kuna jambo la ziada ambalo matangazo ya kliniki hulitaja kwa nadra. Nywele za kipilipili hujikunja hata chini ya ngozi, hivyo kifaa kinachoingia wima kinaweza kuukata mzizi katikati. Daktari asiyezoea nywele hizi hupoteza mizizi mingi, na hakuna uangalizi wa nyumbani utakaoirudisha. Zaidi ya hayo, ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha. Mwenye keloidi kifuani, begani au alipotoboa sikio anapaswa kulitaja kabla ya upasuaji. Vivyo hivyo kwa mwenye vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyowasumbua wanaume wanaonyoa kwa mashine mpaka ngozini: kisogo hicho ndicho shamba la kuchuma mizizi, na kukitoboa kikiwa na ugonjwa ni kutafuta balaa. Baada ya upasuaji, kovu linaloendelea kuvimba, kuwasha na kuuma baada ya miezi miwili au mitatu lionyeshwe kwa daktari wa ngozi mapema, kwani sindano za dawa hufanya kazi vizuri zaidi likiwa changa.

Saluni ina ratiba yake. Mashine ya kunyolea inaweza kupita kisogoni baada ya mwezi mmoja hivi, lakini sehemu iliyopandwa husubiri miezi mitatu au kadiri daktari alivyosema. Kusingwa kichwa baada ya kunyolewa, starehe inayopendwa katika saluni za Sinza, husubiri pia. Kwa wanawake suala ni zito zaidi, maana mara nyingi kilichowapotezea nywele za mbele ni kusuka kwa kukaza. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliopimwa wana upotevu wa nywele wa aina hiyo. Aliyepandikizwa kisha akarudi kwenye rasta nzito, wivingi na dawa ya kulainisha nywele amelipia tatizo lilelile mara mbili.

Dawa zitumike kama zilivyoandikwa. Parasetamo hutosha kwa maumivu mengi. Aspirini huongeza damu kutoka na haifai bila ruhusa ya daktari. Antibaiotiki, kama imeandikwa, imalizwe, wala isiongezwe nyingine ya kununua dukani kwa kukisia. Mafuta ya nazi, maji ya kitunguu, shubiri na krimu za kuchanganya zisigusishwe kwenye majeraha. Ushauri wa jirani aliyeota nywele kwa kitunguu unaweza kusubiri mwaka mmoja.

Zipo dalili zisizosubiri picha kujibiwa na Istanbul: homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaotanuka, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, damu isiyokata baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika ishirini, au ngozi inayogeuka kuwa ya zambarau au nyeusi. Hiyo ya mwisho ni ishara kwamba ngozi inakosa damu, na huwapata zaidi wavutaji sigara na wenye kisukari. Mkazi wa Ubungo mwenye dalili hizi aende hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Sinza, inayojulikana kama Palestina, iko karibu na wengi, na kwa wa Kibamba na Mbezi ipo Muhimbili-Mloganzila. Wataalamu wa ngozi wapo nchini: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992.

Anayemwona daktari wa hapa nyumbani atahitaji karatasi ambayo wasafiri wengi hawaidai: maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza, yenye jina la daktari aliyepasua, njia iliyotumika, idadi ya vipandikizi, aina ya ganzi na dawa zote zilizotolewa. Idaiwe kabla ya kuondoka kliniki. Itafaa pia kwa wasioridhika na matokeo, kwa sababu upasuaji wa pili haufanywi kabla ya mwaka mmoja kupita, na mizizi iliyochumwa kisogoni haioti tena.