Mashujaa Dei Wendani: Nyanya aulizwe mapema

KWA familia za Kahawa Wendani, sikukuu ya Oktoba 20 haifai kuishia kwenye gwaride la televisheni na nyama choma. Siku hii, iliyoitwa Kenyatta Dei hadi Katiba ya 2010 ilipowapa mashujaa wote, hukumbusha mwaka 1952, mkoloni alipotangaza hali ya hatari na kumkamata Mzee Jomo Kenyatta.

Ushahidi u jirani: Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, Templer, iliyokabidhiwa Kenya 1965.

Nyanya aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa amepita themanini. Wajukuu wamuulize ni nani katika ukoo alitiwa kizuizini, na nani alishika bunduki upande wa serikali. Swali la pili, aghalabu, hujibiwa kwa kimya kwanza.