Kivukizi cha mkononi
Kivukizi cha mkononi ni kifaa kidogo cha betri kinachopasha moto majani makavu ya mimea hadi yatoe mvuke bila kuungua. Mfano unaojulikana ni Mighty, unaotengenezwa na kampuni ya Storz & Bickel ya Tuttlingen, Ujerumani.

Majani husagwa kiasi na kujazwa bila kushindiliwa, maana hewa ya moto ni lazima ipite katikati yake. Joto la kawaida ni kati ya sentigredi 170 na 210. Likizidi sana majani huungua, na hapo mtumiaji anavuta moshi tu, kama wa kiko. Mvuke huwa na lami kidogo kuliko moshi, lakini ulevi wa bangi haupungui kwa sababu hiyo.

Usafi ndio unaopuuzwa zaidi. Mvuke ukipoa huacha utomvu unaonata kwenye njia ya hewa. Usipoondolewa, uvutaji huwa mgumu na ladha huharibika. Masalio hutolewa kwa brashi kifaa kikiwa bado na uvuguvugu. Wavu hutolewa, hulowekwa katika spiriti, husuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi. Sehemu yenye betri haitiwi majini kamwe, na betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena.