Dingi Alikuwa Njagu, na Kitaa Kilimwelewa

Buzebazeba ukimuuliza mtu yeyote, "Afande anakaa wapi?", hakuulizi afande yupi. Njagu wastaafu Ujiji wapo kibao, ila huyo mmoja jina lilishamganda. Huyo ndiye dingi yangu. Katutoka siku ya Alhamisi, tukamzika siku hiyohiyo baada ya Alasiri, na tangu hapo kila kijiwe nikipita wana wananipa pole, kisha wananipa stori. Naziandika zikiwa bado za moto.

Kitaa na njagu tunajuana. Defenda ikikata kona Mwanga, hata mwenye leseni, bima na kofia ngumu anatafuta kichochoro. Sasa imekuwaje sajenti mwenye V tatu, aliyekula chumvi ya kutosha kaunta na doria, asindikizwe na msururu wa boda namna ile, machalii wameacha hesabu ya bosi siku nzima? Jibu ninalo. Dingi hakuwa na mkwanja wa kumgawia mtu. Alichokuwa nacho ni mambo ya ndani ya kituo, na aliyatoa yote, bure, kwa yeyote aliyetaka kusikiliza.

Alipanda treni stesheni ya Kigoma akiwa kijana, miaka michache baada ya vita vya Kagera, kwenda depo, Chuo cha Polisi Moshi. Baadaye wakamzungusha Kasulu, Kibondo, akarudishwa Kigoma mjini. Sisi tumekulia kota, tunajua filimbi kabla ya adhana. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni gwanda. Maza alikuwa anakoroga wanga wa muhogo, anauchuja kwa kitambaa, anazamisha kaki humo na kuianika. Jioni Dingi mwenyewe anakamata pasi ya mkaa. Anatoka nayo nje kupuliza majivu, anaipitisha kwanza kwenye jani la mgomba mpaka chuma kiteleze, ndipo anaigusisha kwenye suruali. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Akimaliza, suruali inasimama yenyewe ukutani, na wewe dogo usithubutu kusogea.

Kazi ya njagu Kigoma haijawahi kufanana na ya Dar. Huku mpaka uko mlangoni. Oktoba 1993 Rais Ndadaye alipouawa Burundi, watu walimiminika. Mwaka 1996 Wakongo nao wakavuka ziwa kukimbia vita, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Dingi aliyaona yote akiwa kazini, na yalimkaa. Alistaafu 2013, kiinua mgongo kikaezeka nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Buzebazeba. Mei 2015 Burundi ikachafuka tena, maelfu wakarundikana Kagunga, kale kakijiji ka ufukweni kalikobanwa kati ya mlima na maji. MV Liemba, meli ya Mjerumani ya tangu 1913, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma, wanapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu nacho kikapiga hodi. Mzee mstaafu, hana amri ya mtu, kila asubuhi anavaa kanzu anaenda uwanjani. Kiha na Kirundi vinasikilizana, basi yeye anakaa na vibibi waliopotezana na wajukuu, anauliza majina, anapeleka majina kwa wanaoandikisha. Maza alihofia ugonjwa. Dingi alikuwa akirudi anaoga nje kwa maji ya sabuni kabla hajagusa mlango, kesho yake anaenda tena.

Ila kitaa kilimwelewa kwa ishu nyingine. Kuna dogo wa boda alikwaruzana na abiria kwa chenji ya jero, akabebwa, akaswekwa lupango. Kituo sikitaji. Siku zinapita, ndugu wanaambiwa walete hela ya dhamana, mama mtu ameshaanza kuuza kuku. Dingi akasikia akiwa kwenye kahawa. Akaenda mdogomdogo, akasimama kaunta, akasalimia kwa adabu, akauliza dogo ana kosa gani na kaandikwa lini, akajaza fomu ya mdhamini. Dogo akatoka, hata buku haikutoka mfukoni kwa mtu. Kuku waliobaki wakabaki.

Kuanzia siku hiyo kijiwe kikageuka darasa. Mzee anakunywa kahawa chungu na kashata, wana wamepaki vyuma wanamzunguka. Dhamana ni haki yako na haiuzwi, ukiacha makesi mazito kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa silaha. Ukikamatwa, uambiwe kosa lako. Saa 24 zisipite hujapewa dhamana wala hujafikishwa mahakamani. Maelezo usiyasaini kabla hujayasoma, na kama kusoma shida, usomewe. Una haki ya kuwa na ndugu au wakili unapohojiwa. Ajali ikitokea, mmoja awahi kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wengine wawahi na majeruhi hospitali ya Maweni. Anarudia na kurudia, anakuuliza ghafla ukiwa unahesabu chenji. Ukikosea, anakwambia ukae, usiondoke bado.

Baadhi ya wenzake wa zamani walimaindi kinoma. Wakaja home kumwambia anawafundisha wahuni kukimbia sheria. Nilikuwepo, nimebeba sinia la migebuka. Akawajibu, "Siwafundishi kukimbia. Nawafundisha kukamatwa vizuri." Wakala, wakanyamaza, wakaondoka wamemheshimu vilevile.

Na msije mkadhani alikuwa mzee wa kulea uhuni. Mshikaki aliuchukia vibaya mno. Ukipita na abiria wawili nyuma anakusimamisha katikati ya barabara, kanzu yake inapepea, mmoja anashuka, nauli unarudisha. Kuna chalii alikwapua simu gulioni akaja kujificha uani kwetu, akijua Afande atamkingia kifua. Dingi alimpeleka kituoni mwenyewe, kwa miguu, njiani akamnunulia sambusa. Kesho yake akarudi kumdhamini, na siku ya kesi akakaa benchi la mbele mahakamani. Chalii yule leo ana duka la spea, na ndiye aliyeleta sanda.

Mimi naamini kitaa chetu kinahitaji elimu hii kuliko makongamano. Vijana wa Kigoma tunaulizwa uraia mara nyingi kuliko wenzetu wa mikoa mingine, babu alizaliwa wapi, jina la ukoo mbona la ng'ambo. Ukiwa hujui unachotakiwa kujibu na unachotakiwa kupewa, unasanda mapema. Dingi alilijua hilo, ndiyo maana hakuchoka.

Wana wamechanga, tumechapisha karatasi ya yale aliyokuwa anayarudia, tumeitia plastiki na kuibandika kwenye mwembe wa kijiwe. Kuna mabishano bado kama tuweke na mambo ya uraia au tusubiri mwanasheria apitie kwanza. Mimi nasema tusubiri, maana Dingi hakuwahi kufundisha asichokijua. Ijumaa baada ya swala tunaanza na PF3, kisha dhamana. Wa Kibirizi, Bangwe na Katonga mnakaribishwa, njooni na leseni zenu, tutazikagua pia kama alivyokuwa anazikagua yeye.