Boti moja, Kilwa tatu

Kilwa ya mkoani Lindi iko kwenye Bahari ya Hindi. Kilwa ya pili ni bandari ya Kongo kwenye Ziwa Mweru, na ya tatu ni kisiwa ndani ya ziwa hilohilo, upande wa Zambia, ambako watu wa Nchelenge huenda kwa boti. Fundi aliyejifunzia mashine za boti Kilwa ya Lindi akihamia Nchelenge, mengi atayafanya sawasawa. Kosa lake litakuwa moja: atafunga zinki.

Kujua kwa nini, tuanze na alumini ya boti na ya bodi ya mashine. Alumini haishiki kutu kama chuma kwa sababu ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba mno, na ukiukwaruza hujirudishia palepale. Adui wa utando huo ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kloridi iliyomo hupenya utando na kuchimba vishimo vyenye unga mweupe mdomoni. Mweru ni ziwa la mto: Luapula unaingia kusini, Luvua unatoka Pweto, chumvi haipati nafasi ya kujikusanya. Boti ya alumini hukaa humo miaka na miaka.

Hata hivyo maji baridi, tunavyoyaita hata yakichemka kwa jua la Oktoba, hayana huruma na chuma. Msafiri Livingstone alipofika Mweru mwaka 1867 alikuwa ameshapoteza meli yake ya bati la chuma, Ma Robert, iliyotobolewa na kutu na kuzama mto Zambezi mwaka 1860.

Sasa zinki. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, iliyo dhaifu huliwa ili yenye nguvu ipone. Ndiyo maana mashine ya boti huja na kipande cha metali kilichofungwa ili kiliwe badala ya bodi yake. Baharini kipande hicho ni zinki, na kinaisha upesi kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Ziwani zinki hujifunika gamba gumu na kulala usingizi. Ukiitazama baada ya mwaka utaiona nzima, ufurahi, kumbe bodi ya mashine ndiyo inayoliwa. Kwa Mweru funga magnesi. Magnesi hiyohiyo ukiipeleka Lindi itayeyuka haraka mno. Kwa boti ya kwenda huku na huku kuna vipande vya aloi ya alumini vinavyofaa kote.

Ninachokihofia zaidi Nchelenge ni shaba. Katanga yenye migodi ya shaba iko ng'ambo, upande wa Kongo, na waya wa shaba haukosekani. Kipande kilichodondoka chini ya mbao za boti, kikilala kwenye maji machafu wiki kadhaa, kitatoboa bati la alumini hapo kilipolala. Zoa sakafu ya boti kama unavyozoa nyumba.

Kuhusu upoozaji, mtu wa pwani huisafisha mashine kwa maji ya bomba baada ya kila safari, la sivyo chumvi huganda kwenye njia za maji. Ziwani hilo si lazima, ila ziwa lenyewe lina kina kifupi na mashine hunyonya mchanga na tope ufukweni. Mpira wa pampu ya maji husagika. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa mashine ukipungua, izime.

Tena Mweru iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mashine hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Usimlaumu muuzaji, tafuta pangaboi la hatua fupi kidogo, mashine ipate kuzunguka inavyostahili.

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi wa Mweru upande wa Zambia hufungwa. Huo ndio wakati wa kufungua pangaboi na kuondoa nyuzi za nyavu zilizojisokota kwenye ekseli yake, kwani hukata sili na kuingiza maji kwenye gia. Legeza skrubu ya chini, acha mafuta ya gia yadondoke kiganjani. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia.