Mashine ya Kikundi Ikae Wapi?

Ndugu wanavikundi, mabishano haya mnayajua. Pesa zimechangwa, kikundi kinataka mashine ya kusindika mazao, na sasa watu hawaelewani itawekwa wapi. Mwenyekiti anasema ikae kwake kwa sababu ana ploti. Katibu anasema ipelekwe Nakuru mjini, huko ndiko kuna pesa. Akina mama walioketi nyuma wananyamaza, ilhali wao ndio watakaobeba magunia.

Kabla ya kupiga kura, hebu tuangalie viwanda vya hapa kwetu na mahali vilipojengwa. Swali la kwanza ni rahisi: ni kipi kizito au kigumu zaidi kubeba, kile kinachoingia kiwandani au kile kinachotoka?

Chukua pareto, maana wengi wetu tumeichuma. Ua bichi limejaa maji. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi zikikauka hubaki kama kilo 1, na ndani ya kilo hiyo dawa yenyewe ya kuua wadudu ni gramu 10 hadi 20 tu. Ukisafirisha maua mabichi unalipia lori libebe maji, tena yataoza njiani. Basi mkulima wa Molo alikausha huko huko kijijini, akapeleka maua makavu kiwandani Nakuru, na kutoka Nakuru ikaenda ng'ambo dawa iliyokamuliwa. Mzigo ulipunguzwa kila mara kabla ya safari kuwa ndefu zaidi. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hili. Baadaye malipo yalichelewa mno, wakulima wakang'oa pareto na kupanda viazi, na mashine zikakosa kazi. Kiwanda kilikuwa mahali pazuri kabisa, lakini mwenye shamba asipolipwa, mahali pazuri hapasaidii kitu.

Mbao ni hivyo hivyo. Gogo hupoteza magome, mabanzi na vumbi likipasuliwa, kwa hiyo vinu vilijengwa Elburgon, kando ya msitu wa Mau na reli ikipita hapo. Lakini aliye karibu na malighafi huumia ikikosekana: serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, vinu vingi vilinyamaza. Pale Kariandusi karibu na Gilgil, ule udongo mweupe unaochimbwa hukaushwa na kusagwa pale pale. Na maziwa? Hayo hayangoji mtu. Ndiyo maana KCC ilipoanzishwa mwaka 1925 ilikuwa na kiwanda Naivasha, kati ya ng'ombe na reli. Hadi leo, lita 10 za maziwa hutoa kama kilo 1 tu ya jibini.

Kuna viwanda vya aina nyingine, ambavyo hufuata mnunuzi. Gunia la ngano halivunjiki wala halilali likaharibika, lakini mkate hupondeka na kuota ukungu. Kwa hiyo unga ndio husafiri, na mkate huokwa karibu na anayeula. Soda nayo karibu yote ni maji. Nani atabeba maji kutoka mbali kama maji yapo mjini?

Halafu kuna viwanda ambavyo havijafungwa na shamba wala mnunuzi wa karibu. Kile cha betri za Eveready kilianza Nakuru mwaka 1967. Madini ya betri hayachimbwi Nakuru, yaliletwa kutoka nje. Mji ulikuwa na reli tangu mwaka 1900, barabara kuu, stima na watu wa kuajiriwa. Lakini mambo hayo hupatikana pengine pia. Betri za bei ya chini kutoka nje zilipojaa madukani, kiwanda kilifungwa mwaka 2014 na kampuni ikaanza kuagiza betri zilizotengenezwa nchi nyingine. Watu walipoteza kazi waliyoizoea.

Sasa turudi kwenye mashine yenu. Tuseme ni ya kukaanga krispi za viazi. Kilo 4 za viazi hutoa kama kilo 1 ya krispi, kwa hiyo uzito unasema: kaeni kijijini. Lakini ngojeni. Krispi hujaa hewa na huvunjika. Barabara ya mashimo itafikisha vumbi sokoni, si krispi. Mafuta na karatasi za kufungia vyatoka mjini. Stima ikipotea siku tatu, viazi vilivyokwisha kumenywa ni hasara. Huenda basi mahali pazuri si kwa mwenyekiti wala si mjini, bali kwenye kituo cha sokoni kando ya lami, ambapo viazi hufika kwa punda na krispi huondoka kwa matatu. Ulizeni pia maji machafu yataelekea wapi. Jirani wa chini ya mteremko ana haki ya kusikizwa kabla mashine haijafika.

Fanyeni jaribio moja. Pimeni gunia moja la viazi, mkaange kwa sufuria za nyumbani, mpime tena, kisha mmoja wenu apande matatu na pakiti hizo hadi Nakuru. Akifika, ahesabu zilizopasuka. Andikeni nauli, mafuta na hasara katika kitabu cha kikundi, na kitabu hicho kisomwe mbele ya wote siku ya kupiga kura.